Chunusi Kali: Lawama, Subira na Tiba

Chunusi kali ni ugonjwa wa vinyweleo na tezi za mafuta zilizoshikamana navyo. Ngozi ya uso, ya kifua na ya mgongo ndiyo yenye tezi kubwa na nyingi zaidi, na ndiyo sababu ugonjwa huota huko wala hauoti viganjani. Kijana anapobalehe, homoni za kundi la androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huziamsha tezi hizo zitoe mafuta mengi. Wakati huohuo seli zinazotanda ndani ya kinyweleo hushindwa kupukutika vizuri, hugandamana na kuziba mdomo wake. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi katika ngozi ya watu wazima wote bila kuwadhuru, huzaana ndani ya mafuta yaliyonaswa, na kinga ya mwili huinuka kupambana. Kwa watu wengi mambo huishia kwenye vipele vidogo vinavyokuja na kupotea. Kwa wachache ukuta wa kinyweleo hupasuka chini ya ngozi na yaliyomo humwagika ndani ya nyama. Hapo hutokea vinundu vigumu vyenye maumivu na mifuko ya usaha, ambavyo huweza kukaa kwa wiki nyingi na kuacha mashimo au makovu ya maisha. Upo hata mfano adimu, unaowapata hasa vijana wa kiume, ambapo vidonda huchimbika ghafla, homa ikapanda na viungo vikauma. Huo ni ugonjwa wa mwili mzima, na hakuna mtu wa haki anayeweza kuuita urembo uliokosekana.

Ugonjwa huu unazua swali la kidini kwa ukali ambao maradhi mengi hayana, kwa sababu ya mahali unapokaa. Presha hufichika, vidonda vya tumbo hufichika, uso haufichiki. Tena huja katika umri ambao mtu bado anajijenga mbele ya macho ya wenzake, kabla hajapata mahali pa kusimama. Swali huanzia nje yake: watu humuuliza amefanya nini. Likirudiwa vya kutosha huhamia ndani, naye akaanza kujiuliza mwenyewe amemkosea nani. Baadaye, anapotaka kwenda hospitali, hukutana na swali la upande mwingine: je, kuhangaikia uso si kukosa subira, au hata kupinga umbile alilopewa na Muumba?

Orodha ya lawama ni ndefu. Husemwa kwamba hanawi vizuri, kwamba anakula karanga na vyakula vya mafuta kupita kiasi, kwamba amepigwa kijicho, kwamba matamanio yamemzidi. Hili la mwisho lina historia. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 18 na ya 19 waliandika kwa uhakika kwamba chunusi ni alama ya punyeto au ya kukosa ndoa, na fikra za aina hiyo hazijatoweka; kijana wa Mombasa au Dar es Salaam bado huambiwa kwamba zitaondoka akioa. Chembe ya ukweli iliyomo ni ndogo: homoni zinazoamsha matamanio ndizo zinazochochea tezi za mafuta, kwa hiyo vyote viwili huja pamoja wakati wa kubalehe. Watu waliona mambo mawili yakifuatana wakalifanya moja kuwa adhabu ya jingine.

Uchafu nao hauna hatia. Kichwa cheusi cha kipele ni melanini, yaani rangi ya ngozi yenyewe, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa. Kukisugua kwa dodoki na sabuni kali huchubua ngozi na kuzidisha uvimbe, na hivyo anayelaumiwa kwa uchafu mara nyingi ndiye anayenawa kuliko wote nyumbani. Urithi ndio wenye uzito. Utafiti wa mapacha wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika ugonjwa huu hutokana na vinasaba.

Kuhusu chakula jibu si jepesi, na ni haki kulisema lote. Baadhi ya tafiti zimeona uhusiano kati ya chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, na pia maziwa. Mwaka huohuo wa 2002 watafiti walieleza jinsi walivyokagua ngozi za wakazi 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaoishi kwa viazi vikuu, matunda, samaki na nazi, wasimwone hata mmoja mwenye chunusi. Huenda damu ya watu wale ina sehemu yake. Huenda pia chakula cha viwandani kina sehemu yake kwa wengine. Lakini hata hilo likithibiti kikamilifu, halimtii hatiani kijana anayekula kile ambacho nyumba yake, shule yake na duka la mtaani kwake vinampa.

Maandiko ya dini yalikwisha kulikabili jambo hili zamani, kabla sayansi haijawa na la kusema. Katika Kitabu cha Ayubu mtu mwadilifu anapigwa kwa majipu kuanzia wayo hadi utosi. Rafiki zake wanakuja, wanaketi naye siku saba bila kusema neno, na hicho ndicho kitu chema walichofanya. Walipofungua vinywa walianza kumtafutia dhambi iliyomfikisha pale. Mwisho wa kitabu wanaokemewa na Mungu ni wao. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa na kuuliza ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake; Yesu anakataa majibu yote mawili. Qur'ani inamtaja Ayubu katika sura ya Saad bila kueleza aina ya maradhi yake, na inamsifu kwa subira. Jambo ambalo husahaulika mara kwa mara ni kwamba anayesifiwa hapo kwa subira ndiye yuleyule anayemlilia Mola wake kuhusu madhara yaliyompata, na jibu analopewa ni amri ya kupiga ardhi kwa mguu ili apate maji baridi ya kuoga na kunywa. Kulalamika kwake hakukumtoa katika wenye kusubiri, wala kuoga kwake hakukumtoa.

Ni kweli kwamba Hadithi za Mtume Muhammad zinafundisha kuwa maradhi, hata mchomo wa mwiba, humfutia Mwislamu makosa. Fundisho hilo hutumiwa vibaya linapogeuzwa kuwa ushahidi. Ni ahadi iliyotolewa kwa anayeumwa ili maumivu yake yasiwe bure. Jirani hakukabidhiwa ili ahesabu nayo dhambi za mwenzake. Na Hadithi nyingine zinaeleza kwamba waliopewa mitihani mizito kuliko wote ni manabii, jambo ambalo peke yake linatosha kuvunja hesabu ya kwamba anayeumwa zaidi ndiye aliyekosa zaidi. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, akiandika mwaka 1978 kuhusu kifua kikuu na saratani, alionyesha jinsi jamii inavyougeuza ugonjwa kuwa mfano wa tabia ya mgonjwa, na jinsi mfano huo unavyomwongezea mtu mzigo wa pili juu ya ule wa mwili. Hakuandika juu ya chunusi, lakini hoja yake inaingia hapa bila kulazimishwa.

Pingamizi la pili, la kubadili umbile, lina msingi wa maandiko na halifai kupuuzwa. Sura ya An-Nisaa inaeleza kiapo cha Shetani kwamba atawaamuru watu wabadilishe alichoumba Mwenyezi Mungu, na katika Hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Mas'ud wanalaaniwa wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Ila ipo pia habari ya Arfaja bin As'ad. Huyu alipoteza pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume akamwambia atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa mwanamume imekatazwa. Wanazuoni walijenga juu ya habari hiyo tofauti kati ya kurudisha kilichoharibika na kubadili kilicho kizima kwa kutafuta uzuri zaidi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilifuata njia hiyo: upasuaji wa kuondoa kasoro au kurudisha umbile la kawaida unaruhusiwa, pamoja na ule wa kuondoa dosari inayomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Kwa kipimo hicho chunusi kali haina utata. Kinundu chenye usaha hakikuwemo katika umbile. Ni uharibifu uliolivamia umbile, na kukiondoa ni kulirudisha.

Linabaki swali la subira, ambalo ndilo zito. Ibn Abbas alisimulia habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwomba Mtume amwombee dua. Aliambiwa achague: akitaka asubiri na apate Pepo, akitaka aombewe aponywe. Alichagua subira, akaomba tu asifunukwe na nguo anapoanguka. Kwa habari hii wanazuoni wengi walisema kujitibu si wajibu. Kwa upande mwingine ipo Hadithi ya Usama bin Sharik inayoamuru watu wajitibu kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa uzee, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kujitibu kunahesabiwa kuwa sunna. Katika habari ya mwanamke yule linastahili kuangaliwa jambo moja: aliulizwa. Uamuzi ulikuwa wake, akiwa mtu mzima anayejua anachokiacha na anachokipata. Mzazi anayemnyima binti wa miaka 14 nauli ya hospitali kwa kumwambia asubiri hafanyi alichofanya mwanamke yule, maana anasubiri kwa kutumia mwili wa mwingine.

Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka suala la kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, katika ngazi ambazo hadi leo zinafaa. Katika kitabu chake cha Ihya aligawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Zipo zilizo yakini, kama maji kwa mwenye kiu. Kuziacha si kutawakali kamwe, na mtu akifa kwa kuziacha amefanya haramu. Zipo za dhana yenye nguvu, kama dawa zinazojulikana kwa matabibu. Kuzitumia hakupunguzi tegemeo kwa Mungu. Na zipo za kuwaziwa tu, ambazo kuzikimbilia kunakwenda kinyume na kutawakali. Jambo ambalo mgawanyo huu unaliwezesha, hata kama al-Ghazali hakulifikia, ni kuona kwamba dawa hupanda na kushuka ngazi kadiri ujuzi unavyobadilika. Tiba iliyokuwa ya kuwaziwa huweza kuingia katika dhana yenye nguvu baada ya majaribio ya uaminifu, na iliyosifiwa kwa miaka huweza kushuka. Kwa hiyo anayeuliza kama tiba fulani inaendana na imani yake hana budi kuuliza kwanza inafanya nini na hilo limejulikanaje. Biblia ina picha inayokubaliana na hayo: mfalme Hezekia, akiugua jipu la kumwua, analia kwa Mungu na kuongezewa miaka 15, na nabii Isaya aliyeleta habari hiyo ndiye pia anayeagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Hakuna mahali panaposemwa kwamba andazi lilipunguza imani ya mfalme.

Katika chunusi kali kipo kitu kinachoigusa hoja ya subira moja kwa moja, nacho ni muda. Wengi humwambia kijana kwamba ni ujana tu na zitakwisha, na mara nyingi kweli hukwisha, ila makovu hutengenezwa katika kipindi kilekile cha kungoja. Kadiri uvimbe unavyokaa bila kutibiwa ndivyo nyama inavyoliwa, na ngozi haijui kurudi nyuma. Kusubiri kwa namna hii kuna gharama ambayo kwa kawaida hailipwi na anayetoa ushauri. Anayemshauri mwenye vipele vichache avumilie hajakosea sana; anayemshauri hivyo mwenye vinundu anamshauri apoteze uso wake polepole.

Tiba yenyewe hupanda kwa daraja. Chunusi za kawaida hupewa benzoili peroksaidi na dawa za kupaka za jamii ya retinoidi kama adapalini, ambazo huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa, na huweza kuwasha na kukausha mwanzoni. Uvimbe ukizidi huongezwa antibayotiki ya kumeza kama doksisaiklini, kwa miezi mitatu au minne hivi, ikienda pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasijenge usugu. Kumeza antibayotiki peke yake mwaka mzima ni kosa linalotendwa mara nyingi. Wanawake wengine hunufaika na dawa za homoni. Vinundu na makovu yakishaonekana, hatua inayofuata ni isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, dawa pekee inayogusa pande zote za ugonjwa kwa pamoja: hupunguza ukubwa wa tezi, hukausha mafuta, huzuia kuziba na kutuliza uvimbe. Hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, aghalabu miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku, kwa miezi mitano, sita au zaidi, na wengi hubaki salama baada ya awamu moja. Midomo hukauka kwa karibu kila anayeitumia; ini na mafuta ya damu hupimwa; na hali ya moyo hufuatiliwa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wameripoti huzuni nzito, ingawa tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba dawa huiongeza kwa watumiaji kwa jumla.

Dawa hii inadai uadilifu wa pekee. Ikitumiwa na mwenye mimba, hata kwa muda mfupi, huweza kuharibu ubongo, moyo, masikio na uso wa mtoto. Kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kabla ya kuanza, hukingwa muda wote wa matumizi na mwezi mmoja baada ya kuacha, na hakuna mtumiaji anayeruhusiwa kutoa damu katika kipindi hicho. Hapa lawama hurudi kwa mlango mwingine. Daktari anapomwagiza binti asiyeolewa apime mimba, mzazi huona ameaibishwa. Kipimo hicho si tuhuma. Kinamlinda mtu ambaye bado hayupo na hawezi kujitetea, na familia ya kidini ingepaswa kukielewa kuliko nyingine yoyote. Kwa anayeishi kwa kujizuia kweli, kujizuia kunakubalika kama kinga. Kisichokubalika ni kuinunua dawa hii dukani bila cheti na kumgawia dada au rafiki vilivyobaki.

Mengine ya ibada yana majibu mepesi zaidi. Isotretinoini hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, hivyo katika Ramadhani huweza kumezwa mara moja wakati wa futari au daku, kwa kushauriana na daktari. Dawa za kupaka hazifunguzi saumu; Baraza la Fiqhi lilitamka hivyo kuhusu vinavyopenya kwenye ngozi katika kikao cha Jeddah mwaka 1997. Ganda la kidonge hutengenezwa kwa jelatini, ambayo huweza kutokana na ng'ombe au nguruwe. Wapo wanazuoni wanaoona kwamba kitu kikishageuka dhati yake hukumu yake nayo hugeuka, na wapo wasiokubali isipokuwa kwa haja ya tiba isiyo na mbadala. Mfamasia anaweza kuulizwa chanzo chake, na si swali la kuonewa haya.

Swali gumu zaidi kuhusu usafi wa dawa haliko kwenye jelatini. Tretinoini, retinoidi ya kupaka iliyofungua njia ya tiba ya kisasa, ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa juu ya miili ya wafungwa, wengi wao Waamerika weusi, katika gereza la Holmesburg huko Philadelphia. Majaribio ya aina nyingi, mengine ya sumu, yaliendelea humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi 1974, yakilipwa kwa fedha kidogo zisizokataliwa na mtu aliyefungwa. Mwaka 2022 jiji la Philadelphia liliomba radhi. Je, anayepaka dawa hiyo leo anashiriki dhuluma ile? Jibu linalosimama ni kwamba kuikataa hakuwarudishii wafungwa chochote, na faida iliyopatikana kwa maumivu yao isingepaswa kuzikwa pamoja nao. Ila deni lipo. Kitabu cha tiba kinachosifu dawa na kunyamaza juu ya Holmesburg kinawadhulumu watu wale mara ya pili, na hospitali inayojaribu dawa mpya kwa maskini bila ridhaa iliyo huru inarudia tendo lilelile.

Mahali tiba inapokosekana, mkorogo hujaza nafasi. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni nyingi au steroidi kali kama klobetasoli huuzwa masokoni kwa ahadi ya kufuta madoa. Steroidi huutuliza uso kwa siku chache, na hapo ndipo hadaa ilipo, kwa kuwa baadaye ngozi hukonda na kuzaa chunusi za namna yake, ngumu kuliko za kwanza. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya aina hiyo, lakini marufuku bila madaktari haitoshi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha waganga wa nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 1992, na bado wilaya nyingi hazina mtaalamu wa ngozi hata mmoja. Kwa al-Ghazali mkorogo usingefika hata fungu la tatu, maana madhara yake ni yakini.

Baada ya ugonjwa kutulia hubaki alama. Madoa meusi, ambayo ngozi nyeusi huyapata kwa urahisi, hufifia kwa miezi mingi, hasa uso ukikingwa na jua. Makovu yaliyovimba ya kifuani na mgongoni huchomwa sindano za triamsinoloni, na baadhi hurudi. Mashimo hupunguzwa kwa sindano ndogondogo, kwa tindikali au kwa leza inayochaguliwa kwa uangalifu kwa ngozi nyeusi; hayafutiki yote. Msononeko wa moyo huweza kubaki hata pale ngozi iliposafika, na huo una tiba yake, ya mazungumzo au ya dawa, inayostahili kutafutwa bila haya kama ilivyotafutwa ile ya vinundu. Kuhusu makovu yaliyosalia, saa imekwisha kusimama: hakuna nyama inayoendelea kuliwa, na hakuna kinachopotea kwa kuchelewa. Hapo mgonjwa aliyekuwa mtoto sasa ni mtu mzima, na anaweza kuamua kurudi kwa daktari au kuacha kama yalivyo, bila dhambi kwa lolote atakalochagua.